Kama polisi wenyewe wanakosa shabaha, kwa nini raia asome? Namjibu dada wa Texas

Swali nimelifupisha kidogo, mwenyewe ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Tunaishi Texas, mume wangu kanunua bastola na hapa sheria siku hizi haitaki kibali wala darasa. Kazini wananiambia raia wanaopenda bunduki wanalenga kuliko polisi, na kwamba polisi wanakosa risasi nane kati ya kumi, sasa kozi ya nini. Wengine wanasema serikali ikilazimisha kozi inaingilia haki ya Katiba. Nani ana mafunzo bora, na mimi nisome au niache? Bastola yenyewe ipo tu kwenye droo ya kitandani."

Marahaba dada yangu. Hiyo sentensi ya mwisho umeiandika kama kitu kidogo ila mimi ndo imenishtua kuliko zote, nitairudia huko mbele usinikimbie.

Tuanze na hiyo nane kati ya kumi, maana si porojo, ina chanzo chake. Polisi wa New York waliwaita watafiti wa RAND wawaangalizie mafunzo yao ya silaha, ripoti ikatoka 2008, ikapitia matukio ya kuanzia 1998 mpaka 2006. Wakakuta askari akiwa anarushiana risasi na mtu, risasi zinazompata mlengwa ni asilimia 18. Yule mtu asiporudisha risasi zinapanda kidogo, asilimia 30. Wenzako kazini wameshika ile ya kwanza wakaiacha ya pili, na wamesahau pia kwamba askari haohao ukiwapeleka renji, yaani uwanja wa shabaha, mbele ya karatasi wanafaulu mtihani wao vizuri tu. Mtu yuleyule, bastola ileile, ila karatasi haikurushii.

Ngoja nikuoneshe moja kwa karibu ili ujue namba hizo zinafananaje mtaani. Asubuhi ya 24 Agosti 2012, nje ya Empire State Building, jamaa katoka kumuua mtu aliyewahi kufanya naye kazi, anatembea zake barabarani katikati ya watu wanaowahi kazini. Askari wawili wanamfuata, anageuka, anatoa bastola, wanafyatua. Risasi 16 kwa pamoja, umbali wenyewe hatua chache tu, ungeweza kumrushia mtu funguo akazidaka. Jamaa akafa palepale. Wapita njia tisa wakaumia, na wote tisa waliumizwa na risasi za polisi au vipande vya risasi vilivyoruka baada ya kugonga kitu.

Watu wengi wakisikia hapo wanasema basi polisi hawajui kulenga. Sawa, lakini kuna kitu hakisemwi. Bastola za polisi wa New York wakati ule zilikuwa na triga nzito makusudi, pauni 12, kama kilo tano na nusu hivi, wakati Glock ya kawaida ya dukani ni kama nusu ya hapo. Walifanya hivyo kwa sababu walikuwa wanatoka kwenye rivolva, zile za silinda inayozunguka, kwenda kwenye bastola za magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye kitako, na wakubwa wakaogopa askari watafyatua bila kukusudia. Chukua ndoo ndogo utie lita tano na nusu za maji, uinyanyue kwa kidole kimoja, taratibu, bega lisicheze, mkono usitikisike, halafu rudia mara saba nane huku kuna mtu amekuelekezea bastola. Uzito ule uliamuliwa ofisini na watu wanaokaa kwenye kiti, na aliyeulipia ni mpita njia. Mafunzo ya silaha ndo yalivyo, mengi yanaamuliwa kabla hata mtu hajafika renji.

Sasa hiyo kwamba raia wanalenga kuliko polisi. Raia yupi?

Wapo raia ukiwaona unavua kofia. Hii michezo ya kupiga shabaha huku unakimbia na saa inahesabu, ile ya IPSC, ilianzishwa 1976 pale Columbia, Missouri. Mwaka huohuo mwalimu wa bastola Jeff Cooper akafungua shule yake ya Gunsite kule Arizona, na raia wa kawaida walikuwa wanalipa pesa yao mfukoni kwenda kujifunza bastola wiki nzima, tena na polisi na wanajeshi nao wakawa wanakwenda kujifunza hukohuko. Mtu wa aina hiyo anaweza kumaliza risasi kwa mwezi mmoja kuliko askari wa doria kwa mwaka mzima, na ukimweka naye kwenye mstari mmoja atamwaibisha. Lakini raia wa pili ndo huyu aliyenunua, akapiga boksi moja la risasi na shemeji yake, akaiweka kwenye droo (samahani shemeji yangu, mume wa dada, kama unasoma hapa). Utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta wenye bunduki Marekani waliowahi kupata mafunzo rasmi ya aina yoyote ile ni kama watatu katika kila watano. Aina yoyote, hata yale ya saa mbili. Kwa hiyo mnachofanya hapo kazini mnachukua mkimbiaji wa marathoni mnamlinganisha na askari wa kawaida halafu mnasema raia wana mbio.

Na mfano wanaoupenda naujua, wa Greenwood, Indiana. Tarehe 17 Julai 2022 mtu kaingia kwenye eneo la migahawa ndani ya mall na bunduki, akaua watu watatu. Kijana wa miaka 22 aliyekuwa pale na mchumba wake akamjibu kutoka yadi kama 40 (kama mita 37), risasi kumi, nane zikampata, ndani ya sekunde 15 tangu shambulio lianze mambo yalikuwa yamekwisha. Hakuwahi kuwa polisi wala mwanajeshi, alisema alifundishwa na babu yake. Na sheria ya Indiana ya kubeba bila kibali ilikuwa imeanza kazi 1 Julai, wiki mbili tu kabla. Hiyo ni kweli tupu na mimi mwenyewe niliposoma yadi 40 nilisoma mara mbili, maana askari wengi kwa bastola kwenye yadi 40 hawajawahi hata kujaribu. Lakini hakuna mwalimu anayepanga darasa kwa kumtazama mmoja aliyefanya maajabu.

Tazama na hizi mbili wasizokuhadithia. Tucson, Arizona, 8 Januari 2011, mtu kampiga risasi mbunge na watu wengine kwenye mkutano wa hadhara. Kijana mmoja aliyebeba bastola kihalali alikuwa duka la jirani, akatoka mbio, akaona mtu ameshika bunduki, mkono wake ukawa tayari upo kwenye bastola yake. Yule aliyeshika bunduki alikuwa ameshamnyang'anya muuaji. Kijana akajizuia, mwenyewe baadaye akasema ilikuwa bahati. Halafu Arvada, Colorado, Juni 2021: muuaji kaua askari, raia mwenye bastola akamtandika muuaji akamlaza, safi kabisa, kisha akaokota ile bunduki ya muuaji. Askari wa pili anatokea, anaona mtu kashika bunduki, anampiga raia yule. Akafa. Alilenga vizuri, alikuwa jasiri, na kilichomuua ni zile sekunde chache za baada ya risasi, ambazo kozi nyingi za raia hazigusi kabisa. Mimi darasani natumia saa nzima kwa hilo tu: ukishamaliza, silaha inakwenda wapi, mikono inakwenda wapi, mdomo unasema nini, na cha mtu mwingine usiokote.

Turudi kwa polisi. Marekani ina vyombo vya polisi kama elfu 18, kila jimbo lina bodi yake ya viwango, kwa hiyo ukisema "polisi wa Marekani wanafundishwa hivi" tayari umekosea. Wastani upo ila. Takwimu za serikali za 2013 zinaonesha depo inachukua kama saa 843, na katika hizo silaha ni saa 71. Saa 71 si haba, ni kama wiki mbili za kazi. Shida ni baada ya depo. Idara nyingi askari anaenda renji mara moja au mbili kwa mwaka, anapiga mtihani, anasaini, anarudi doria. Mtihani unaitwa mafunzo kwenye karatasi za ofisi, na siku bajeti ikibana kinachokatwa kwanza ni risasi za mazoezi.

Sasa angalia kwenu Texas, hapa utacheka. Raia akiomba leseni ya kubeba anapiga risasi 50: ishirini kutoka yadi 3, ishirini kutoka yadi 7, kumi kutoka yadi 15. Alama zote ni 250, ukipata 175 umepita, yaani asilimia 70, kwenye lile likaratasi kubwa lenye umbo la mtu ambalo kukosa mwili wote inahitaji jitihada. Kuchomoa kwenye holista, ule mfuko wa bastola wa kiunoni, hakumo. Na askari wa Texas? Kiwango cha chini cha jimbo kwa mwaka ni risasi zisizopungua 50, kuanzia karibu kabisa mpaka yadi 15, abadilishe magazini kwa muda angalau mara moja, asilimia 70. Ni kiwango cha chini, idara zenye pesa zinaongeza yake juu. Lakini ukiviweka viwili hivyo mezani ukaficha vichwa vya habari, mtu asiyejua atakuuliza ipi ni ya nani.

Kuna siku nilikuwa na kundi la mchanganyiko, raia na askari wawili, idara yao siitaji. Mmoja wa hao askari, mtu wa heshima, miaka kumi kazini, akapiga ule wa kawaida akapata karibu zote. Nikamwambia sasa rudia huku unatembea kwa pembeni, na bila kumwambia nikamchomekea katikati ya magazini risasi moja ya plastiki, zile za mazoezi zisizolipuka. Risasi ya nne bastola ikagoma. Akaiangalia. Sekunde moja, mbili, tatu, anaiangalia tu kama mtu simu imezima katikati ya maongezi, halafu akanigeukia kuniuliza, na mtutu ukageuka naye. Nilimdaka kiwiko kabla haujanifikia. Zamu iliyofuata ilikuwa ya nesi mmoja, miezi mitatu tangu ashike bastola mara ya kwanza, ikagoma vilevile, akagonga kitako cha magazini, akavuta slaidi, kile kipande cha juu cha bastola kinachoteleza, akaendelea, hata sidhani kama alijua amefanya. Yule nesi alishakutana na plastiki yangu labda mara mia mbili. Yule askari akaniambia kwa sauti ya chini ndo mara ya kwanza tangu depo.

Kitu kimoja polisi wanacho ambacho raia hana ni mahakama inayowabana wafundishwe. Kesi ninayoipenda kufundishia ni ya Margate, mji mdogo wa New Jersey, uamuzi wa 1979. Usiku, askari anamfukuza mshukiwa wa utekaji kwenye mtaa wa makazi, mwenye nyumba kasikia kelele katoka nje kuangalia, askari akampiga akamuua, mtu hana hatia yoyote. Mahakama ikauliza huyu askari amefundishwa nini. Jibu: renji kila baada ya miezi kama sita. Amefundishwa kupiga kitu kinachotembea? Hapana. Usiku je? Hapana. Kwenye mtaa wenye nyumba za watu? Hapana. Yaani mji wenyewe ni nyumba tupu, kazi ni usiku, watu wanakimbia, na askari amefundishwa mchana mbele ya karatasi iliyosimama. Jaji akakataa kuitupa kesi dhidi ya mji. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikaja na kesi ya Canton, Ohio, ikasema mji unaweza kubeba lawama kama umepuuza makusudi kabisa kufundisha watu wake, na mfano walioutumia majaji kueleza ni huohuo wa silaha: umempa mtu bastola na unajua fika atakimbizana na watu, halafu humfundishi lini apige lini asipige. Toka hapo ndo idara nyingi zikaanza kuweka mambo ya video za kuamua piga au usipige, mazoezi ya usiku, na kadhalika. Walisukumwa, hawakuamka tu asubuhi wakawa wema.

Na bado mafunzo hayamalizi kila kitu. Askari wa Minnesota mwenye miaka 26 kazini mwaka 2021 alichomoa bastola akidhani amechomoa kile kifaa cha kumpiga mtu shoti ya umeme, kijana akafa. Uvalde hapohapo kwenu Texas, Mei 2022, muuaji kaingia shule ya msingi, walifika maafisa 376 na wakachukua dakika 77 kabla ya kumkabili muuaji, na hapo tatizo halikuwa kulenga hata kidogo.

Haya, siasa. Hapa ndo watu wanagombana hata kwenye sherehe, kwa hiyo nitasema ninavyoona mimi.

Marekebisho ya Pili ya Katiba yalipitishwa 1791, sentensi moja, nusu inaongelea wanamgambo waliopangwa vizuri na nusu haki ya watu kumiliki na kubeba silaha. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Heller ikasema haki hiyo ni ya mtu binafsi, 2010 ikaifikisha kwenye majimbo na miji, na Juni 2022 kwenye Bruen ikafuta sheria ya New York iliyomtaka mwombaji athibitishe ana sababu ya pekee ya kubeba. Lakini humohumo kwenye Bruen majaji wakaweka maelezo chini ya ukurasa kwamba jimbo likitoa kibali kwa kila anayetimiza masharti, na sharti likiwa kuchunguzwa rekodi au kusoma kozi ya usalama, si tatizo, ila wakionya ada kubwa na kusubirishwa sana vinaweza kushtakiwa. Kwa hiyo wanaokwambia kozi ya lazima ni marufuku kikatiba wanazidisha chumvi. New York ilichukua mwanya huohuo ikaweka saa 16 za darasa na saa 2 za kufyatua. Illinois ilishaweka saa 16 tangu 2013. Upande wa pili Vermont haijawahi kudai kibali kabisa, Alaska ikaacha 2003, Arizona 2010, nyie Texas 1 Septemba 2021, na ilipofika 2024 majimbo 29 yalikuwa hayadai.

Kichekesho cha hii nchi: NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki, hawa wanaojulikana kwa siasa, walianzishwa 1871 na maafisa wawili wa vita waliochoshwa na askari wasiojua kulenga. Shabaha ndo ilikuwa kazi yao kuu zaidi ya miaka mia, mpaka mkutano wa Cincinnati 1977 ulipowapindua viongozi waliotaka kubaki kwenye michezo na uwindaji. Ndo maana mpaka leo unakuta mtu ana vyeti vya mafunzo ukuta mzima, anasoma kila mwaka, na ukimwambia sheria imlazimishe jirani yake kusoma anawaka moto.

Zamani nilidhani huyo mtu hana akili. Siku hizi namwelewa, hata kama sikubaliani naye yote. Mwaka 1956 Martin Luther King, nyumba yake imeshalipuliwa kwa bomu, aliomba kibali cha kubeba silaha Montgomery, Alabama. Wakamnyima. Kibali kilikuwepo, sheria ilikuwepo, na ufunguo aliushika ofisa aliyeamua nani anafaa. California 1967, Black Panthers, kundi la harakati za Weusi, walipoanza kubeba bunduki hadharani wakifuatilia polisi, sheria ya kuwazuia ilipita haraka, gavana aliyesaini ni Reagan, na NRA waliunga mkono. Na kwenye ile kesi ya Bruen walioandikia mahakama kutetea upande wa bunduki walikuwemo mawakili wa utetezi wa maskini kutoka Bronx, kwa sababu wateja wao waliokuwa wanafungwa kwa kukosa kibali walikuwa karibu wote Weusi na Walatino. Kozi ya saa 18 yenye ada ya dola mamia kadhaa, mtu anafanya kazi mbili, hana gari, renji iko nje ya mji, huyo umemnyima bila kuandika popote kwamba umemnyima.

Halafu kuna hasira ya pili, ya polisi kuwekwa kundi la peke yake. Sheria ya taifa ya 2004 inamruhusu askari, hata mstaafu, kubeba karibu nchi nzima akiwa na mtihani wa kila mwaka, raia aliyemzidi kwa mbali akivuka mpaka wa jimbo anaweza kulala mahabusu. California ina orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa kwa raia, askari hazimhusu. New York 2013 walipitisha sheria ya magazini kwa haraka mpaka wakasahau kuandika kwamba polisi hawamo, ikabidi warekebishe, sijui nani alicheka zaidi siku hiyo. Na watu wa bunduki hawajasahau Orlando 2004: ofisa wa DEA, shirika la serikali la kupambana na dawa za kulevya, mbele ya watoto na wazazi, ameshika bastola, anawaambia humu chumbani ni yeye tu mwenye utaalamu wa kutosha kubeba hii Glock, na sekunde chache baadaye anajipiga risasi mguuni. Video ikazunguka dunia, akashtaki serikali kwa kuivujisha, akashindwa.

Ila na hao watu wa bunduki wana ya kujibu. Texas 2021 wakati bunge linajadili kuondoa kibali, wakuu wa polisi walisimama hadharani wakaomba wasifanye hivyo, na wanasiasa walewale wanaobandika stika za kuunga mkono polisi kwenye magari yao wakawapita kama hawajawaona. Na upande mwingine kuna wanaosema asubuhi polisi hawaaminiki na jioni wanasema bunduki wabaki nazo polisi tu. Mimi ningekuwa na uwezo ningefanya kozi iwe bure au karibu na bure, jimbo lilipe, na badala ya kuhesabu saa tupime mkono na akili: unaweza kuifungua salama mbele yangu, unajua lini sheria hairuhusu kupiga, unaweza kuitoa na kuirudisha bila mtutu kumpita mtu. Saa 16 za kutazama slaidi za kompyuta ukutani nimewahi kuziona, nusu ya darasa walikuwa kwenye simu.

Sasa wewe. Soma, na leseni ya Texas chukua ingawa hailazimishwi. Sababu moja watu hawaijui: sheria ya taifa inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka shule, na mwenye leseni ya jimbo husika ndo anasamehewa, huyu anayebeba bila leseni hasamehewi. Futi 1,000 ni kama mita 300, hebu fikiria unavyoendesha kwenda kazini unapita shule ngapi. Pili ukisafiri, majimbo mengi yanaitambua leseni ya Texas. Ule mtihani wa risasi 50 utaupita, nakuhakikishia, na ukishaupita usijione umemaliza, tafuta kozi inayofundisha kuchomoa, giza na tochi, bastola kugoma, na ile ya kuamua. Na kabla ya yote angalia hadhi zenu za uhamiaji. Mwenye green card anaruhusiwa kumiliki, mwenye viza ya mwanafunzi au ya kazi ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kushika, kuna tundu la leseni ya uwindaji na mengine machache ila muone wakili kwanza, usisikilize wanaume wa kwenye barbecue.

Polisi akikusimamisha barabarani na bastola ipo garini, taa ya ndani washa, mikono yote juu ya usukani, unamwambia kwa utulivu nina leseni na silaha ipo sehemu fulani, nifanyeje, na husogezi kidole mpaka akwambie. Minnesota 2016 Philando Castile alikuwa na kibali, akamwambia askari kwa adabu kabisa kwamba ana silaha, na akauawa akiwa amefunga mkanda wa gari. Siwezi kukuahidi adabu inatosha. Mikono kuonekana inasaidia kuliko maneno.

Nimefika kwenye droo. Mwaka 2021 Marekani walikufa kwa bunduki watu 48,830, na katika hao 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu, na hawa huwasikii kwenye taarifa ya habari wala kwenye ubishi wenu wa kazini. Kozi nyingi hata hazigusi jambo hili, mimi nalianza nalo. Hujaniambia kama mna watoto, wala kama kuna mtu humo ndani anapitia kipindi kigumu, na mimi sikuulizi hapa hadharani. Leo jioni mwambie shemeji atoe magazini, avute slaidi, aangalie chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na aingize kidole kuhakikisha ni tupu, risasi ziende chumba kingine. Kesho mkanunue kile kisanduku cha chuma cha kufungua kwa namba, kinafungwa kwenye fremu ya kitanda, kinafunguka sekunde mbili tatu ukishazoea. Akisema atachelewa siku mwizi akija, mwambie ajipime na saa ya simu, usiku, taa imezimwa, mara kumi, aniandikie sekunde alizopata.